Mwenye Nacho Ataje Alama

Jumatatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Zubeda alikuwa anageuza vibua kwenye kikaango huku akimwangalia binti yake Yasmin amalize uji. Duka lake la chakula lilikuwa chumba kimoja cha mbele katika nyumba ya kupanga pale Mayfair, Johannesburg. Lilikuwa na meza nne, na walinzi waliotoka zamu walianza kuingia saa moja. Yasmin alikuwa na miaka tisa na alikula taratibu kama mtu anayelipwa kwa saa.

Alipoinua mkono kupangusa mdomo, kitu cha buluu kilikuwa kimechomoza kwenye kiwiko.

"Lete mkono," Zubeda alisema.

Alidhani ni mwiba. Zubeda ni mtu wa Tanga, na kwao mama anayemwachia mtoto mwiba kwenye samaki husemwa mpaka siku ya harusi ya mtoto huyo. Tangu Yasmin aote meno, alimchambulia kila mnofu kwa vidole, na hakuna mwiba hata mmoja uliowahi kumkwama. Alikibana kile kitu kwa kucha, akavuta. Kilitoka bila damu. Kilikuwa kipande cha plastiki nene, kikubwa kuliko kichwa cha kibua, na ngozi ilijifunga nyuma yake kama uji unavyojifunga kijiko kikitolewa.

"Kimeuma?"

"Hapana. Kinatekenya tu," Yasmin alijibu kwa Kiingereza. Alielewa Kiswahili chote, hasa cha kugombezwa, ila kujibu alijibu kwa Kiingereza.

"Maliza uji."

Wiki ile vilitoka vipande sita: vitatu kiwikoni, viwili nyuma ya goti, kimoja begani wakati wa kuvaa sare ya shule. Vyote vya buluu. Zubeda aliviosha kwa sabuni ya vyombo akavitia kwenye bakuli juu ya friji. Baba yake Yasmin aliendesha malori ya Lusaka na alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Aliambiwa kwa simu, akauliza kama mtoto anakula.

"Anakula," Zubeda alisema, na baada ya kukata simu alirudi kugeuza samaki.

Célestine, msusi wa mlango wa pili, aliyetoka Bukavu na aliyekuwa na mimba ya miezi minne, hakuona shida yoyote. Kwake zilitoka nyuzi za nailoni za kijani, ndefu kama mkono, kwenye mfupa wa shingo. Alizichomoa asubuhi kabla ya kufungua saluni, akazichana, na mchana akawasukia wateja. Zilikaa vizuri kuliko za dukani na hazikufumuka mvua ikinyesha.

"Mama Yasmin, unaogopa nini? Ni samaki tu anarudia," alisema. "Sisi kwetu tunakulaka ndakala, ile dagaa yenu, muzima, na kichwa, na tumbo, na yote. Ona sasa, niko na mèche ya kusukia ya bure."

"Wewe una nyuzi. Wangu ana vigae."

"Basi jenga nyumba."

Zubeda alimpeleka Yasmin kliniki. Nesi alimpima uzito, akatazama viwiko na magoti, akaanza kuandika kwenye kadi. Alipokuwa anaandika, kifuniko chekundu cha chupa kilimchomoza kwenye kifundo cha mkono. Akakitoa, akakitupa kwenye ndoo ya pamba, akaendelea na sentensi aliyoishia.

"Mnakula samaki?" aliuliza.

"Nauza samaki."

"Basi ndiyo hivyo, mama. Vinaingia kama vumbi, huvioni. Humo ndani vinatafutana, vinaungana, vinatoka. Mtoto wako ana nguvu. Wengine hawatoi kitu."

"Vinatoka vyote?"

"Vinatoka vilivyopata wenzao."

"Na visivyopata?"

Nesi alimwita mgonjwa anayefuata.

Jibu hilo Zubeda alilibeba mpaka mjini, kwenye duka la majokofu la Pandu, Mzanzibari aliyemuuzia samaki kwa miaka saba. Alimkuta anapasua barafu kwa nyundo.

"Pandu, samaki wako wana plastiki."

"Samaki wangu?" Pandu aliweka nyundo chini. "Dada Zubeda, mie nauza samaki. Bahari siiuzi."

"Nimeacha kumpa mtoto. Nampa kuku."

"Na kuku unadhani analishwa nini? Analishwa dagaa wa kusagwa, dada yangu. Unamkimbia mume unajificha kwa mkwe." Aliinua nyundo tena. "Nikuwekee boksi mbili kama kawaida?"

Zubeda alipiga hesabu. Wateja wake walikuwa thelathini na tatu kwa siku, na wote walikuwa wanatoa vitu vyao na kurudi kula. Alichukua boksi mbili. Kila alipokaanga samaki tangu siku hiyo alikuwa anafikiri jambo moja tu. Vitu hivi si vya Yasmin. Hakuvitengeneza, hakuvinunua, hakuviomba. Kwa hiyo vina mwenyewe, na mwenyewe anapaswa kuja kuvichukua, vilivyotoka na vilivyobaki ndani.

Alikwenda kumuuliza Maalim Yasini, ambaye alifundisha madrasa na alipenda kukaa kwenye benchi karibu na geti la msikiti baada ya alasiri. Alimwonyesha bakuli.

Maalim alichukua kipande kimoja, akakigeuza, akakirudisha. "Hiki ni kiokotwa," alisema. "Hukmu yake inajulikana. Unakitangaza mwaka mzima, mahali pa watu. Ndani ya msikiti haifai, ila nje ya mlango sawa. Na usikieleze chote. Sema umeokota plastiki, basi. Mwenye nacho ndiye ataje alama."

"Nimekiokota mwilini mwa mwanangu."

"Basi mwanao awepo wakati wa kutangaza. Kitu hutangazwa pale kilipookotwa."

"Na mwaka ukiisha mwenyewe hajatokea?"

"Kinakuwa chako."

"Sikitaki."

"Basi tangaza kwa sauti, binti yangu," Maalim alisema, akakuna sikio, kikatoka kijipande cha kalamu.

Ijumaa iliyofuata, watu walipotoka kuswali, Zubeda alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, mbele ya duka la vitambaa la Wasomali, na Yasmin kando yake akila chipsi.

"Nimeokota plastiki!" alipaza sauti. "Mwenye nayo ataje alama!"

"Mama, hiyo ni mali ya serikali!" kijana mmoja alimpigia kelele kutoka kwenye gari lililosimama kwenye roboti, zile taa za barabarani.

"Serikali ije itaje alama!"

Watu walicheka, wakaenda zao. Ijumaa ya pili walicheka wachache. Ijumaa ya tatu walianza kumletea vya kwao, kwa sababu aliyekwisha kusimama anatangaza ni rahisi kumwongezea kazi. Zubeda alivipokea vyote akavitenga kwenye makopo. Wenyewe wa vitu vidogo walitokea. Mzee Jumbe, fundi viatu, alikuja akasimama mbele yake kwa adabu.

"Mswaki," alisema. "Mwekundu. Nimeutafuna upande wa kushoto."

Zubeda alifungua kopo la tatu. Mswaki ulikuwepo, umetafunwa upande wa kushoto. Mwanamke mwingine, Tabia, alitaja ukanda wa kandambili ya waridi uliokatika pwani akiwa na miaka sita, akaondoka nao ameukunja kiganjani. Hakuna aliyeuliza vitu hivyo vimefikaje Johannesburg, mji usio na bahari wala mto wa maana. Vilikuja kwa samaki, na samaki walikuja kwa lori.

Vya buluu havikupata mtu. Ijumaa ya kumi na mbili vilikuwa arobaini na kimoja na bakuli halikutosha. Zubeda alivimwaga mezani baada ya wateja wa mchana kuondoka, ili avipange kwa ukubwa, na hapo ndipo alipoona kingo zake. Kipande cha goti kilikaa kwenye kipande cha bega bila kuacha hata nafasi ya unywele.

Kwao, beseni likipasuka halitupwi. Kisu kinapashwa moto mpaka kiwe chekundu, kinapitishwa kwenye ufa, na plastiki inashikana na kuacha kovu. Zubeda aliwasha jiko. Alifanya kazi siku tatu, mchana, madirisha wazi, Yasmin akimpa vipande kama mtu anayempa fundi matofali. Siku ya tatu kulikuwa na kreti juu ya meza. Kreti zima la buluu, la aina ile wanayopangia samaki na barafu, isipokuwa kona moja iliyokosekana, ya ukubwa wa kiganja.

Lilikuwa na maandishi ya Kiingereza yaliyochongwa ubavuni. Célestine, ambaye sasa mimba ilikuwa ya miezi saba na alikaa akishikilia kiuno, aliyasoma kwa kidole.

"Brantolo. Randburg. Namba elfu tatu na sitini na moja." Alisogeza kidole chini. "Atakayekutwa nalo atashtakiwa. Eish, Mama Yasmin! Batamushtaki mutoto."

"Waje. Wakija watakuwa wameshafika kwa mtu anayewadai maelezo."

Jumanne alifunga duka, jambo alilofanya mara moja tu tangu alifungue, siku alipojifungua Yasmin. Alilifunga kreti kwa khanga, akamshika mtoto mkono, na Célestine akasema atawasindikiza kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa kikali zaidi. Walipanda teksi mpaka Randburg.

Brantolo ilikuwa kampuni ya kukodisha makreti kwa meli za uvuvi na maduka makubwa. Ofisi yake ilikuwa na vioo na mti mmoja wa plastiki. Mapokezi alikaa dada anayeitwa Refilwe.

"Mmepoteza kitu?" Zubeda alimuuliza.

"Kitu gani, mama?"

"Mimi siwezi kusema. Wewe ndiye utaje alama."

Refilwe alitazama khanga, akatazama kompyuta. "Mama, tumepoteza vitu vingi. Ni cha rangi gani?"

"Unaniuliza mimi?"

Célestine alicheka mpaka akashika tumbo. Refilwe naye alitabasamu kidogo, akavuta kiti, akaanza kuisoma orodha yao kwenye kompyuta mstari kwa mstari. Makreti ya kijani yaliyopotea Port Elizabeth. Ya kijivu. Ya buluu, lita arobaini, namba elfu tatu na hamsini na nane, hamsini na tisa, sitini...

"Sitini na moja," Refilwe alisema. "Lilianguka melini miaka kumi na minne iliyopita."

Zubeda alifungua khanga.

Meneja aliitwa. Alikuwa Bwana Steynfoort, mtu mpole mwenye mikono ya shati iliyokunjwa. Alilizunguka kreti mara mbili, akapapasa makovu ya kisu kwa heshima ya mtu anayeijua plastiki. Yasmin alimtazama. Kipande kinachoonyesha kama kioo kilikuwa kinamtoka Bwana Steynfoort nyuma ya sikio, na alikichomoa bila kuacha kuangalia kreti.

"Kazi nzuri," alisema. "Lakini siwezi kulipokea."

"Limeandikwa jina lenu."

"Jina letu, ndiyo. Jina letu limeandikwa pia kwenye kalenda tunazogawa, mama, na kalenda hizo si zetu. Kona iliyokosekana ndiyo yenye maneno 'Mali ya'. Bila maneno hayo, hili ni kreti lililoandikwa Brantolo tu."

"Na atakayekutwa nalo atashtakiwa?"

"Ndiyo. Hilo lipo."

"Kona iko ndani ya mtoto wangu. Na vingine viko ndani, vile vya vumbi. Nataka mchukue vyote. Ndiyo maana nimekuja."

Bwana Steynfoort alimtazama Yasmin kwa wema kabisa. "Ikitoka," alisema, "karibuni tena. Tunafungua siku zote isipokuwa Jumapili."

Kona haikutoka. Wiki nne Yasmin hakutoa kitu chochote cha buluu, na Zubeda alimkagua asubuhi na jioni kama anayechambua mchele, nyuma ya masikio, katikati ya vidole, chini ya nywele. Mtoto alinenepa kidogo na kuanza kulalamika kwa lugha zote.

"Nimechoka kupekuliwa!" alisema, na safari hii alisema kwa Kiswahili.

"Utapekuliwa mpaka niione."

Wateja nao waliombwa wajitazame. Walinzi walikunja suruali mezani. Pandu alituma ujumbe kwamba amejikagua mwili mzima na amepata kitufe tu. Ijumaa Zubeda alitangaza kinyume: sasa hakuwa anamtafuta mwenye kitu, alikuwa anakitafuta kitu chenyewe, na kwa kuwa mwenyewe alishajulikana, Maalim Yasini alisema hapo hakuna tatizo la kutaja alama. "Buluu!" Zubeda alipaza sauti. "Kona! Ukubwa wa kiganja!"

Célestine alijifungua siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Mkunga alimfuta, akampima, akavihesabu vidole vya miguu. Alipofika mkono wa kulia aliukuta umefumbwa, akaukunjua, akatoa kilichokuwemo, akaandika kwenye fomu: mkono wa kulia, plastiki, buluu, kipande kimoja. Kilikuwa kikubwa kuliko ule mkono.

Zubeda alifika saa sita na chupa ya uji wa pilipili manga. Célestine alikuwa amelala kwa ubavu, mtoto kifuani, kipande juu ya kabati kando ya glasi ya maji. Maandishi yake yalisomeka hata kutoka mlangoni. Yalikuwa maneno mawili.

"Mama Yasmin," Célestine alisema. Sauti yake ilikuwa chini. "Huyu hajakulaka kitu. Hata maziwa yangu bado."

"Najua."

"Hata ndakala moya."

"Najua, mama. Kunywa uji."

Alimnywesha kijiko kwa kijiko mpaka chupa ikaisha, akamfuta mdomo, akamfunga tumbo kwa kitambaa kama wanavyofungwa wazazi, akakaza sana. Ndipo alipochukua kile kipande. Alikisoma tena kwa karibu.

"Umempa jina gani?"

"Héritière. Ni jina la bibi yangu."

"Maana yake nini?"

"Ni mwenye kurithi," Célestine alisema, akamfunika mtoto kichwa.

Kona ilikaa mahali pake bila kuachia. Zubeda alipitisha kisu mara moja tu.

Wiki ya tatu baada ya kujifungua walirudi Randburg wote wanne. Bwana Steynfoort alipitisha kidole ubavuni mwa kreti, kutoka kushoto mpaka kulia, akasoma kwa sauti: Mali ya Brantolo, Randburg.

"Sasa ni letu," alisema. Alifurahi kwa dhati. Aliweka sahihi, na Refilwe akagonga muhuri: limepokelewa, hali nzuri.

"Bado," Zubeda alisema.

Alimsogeza Yasmin mbele ya meza. Kisha alimchukua Héritière kutoka mgongoni kwa mama yake akamweka juu ya meza yenyewe, juu ya karatasi.

"Hicho ni kilichotoka. Kilichobaki kimo humu na humu. Kwa huyu mkubwa kiliingia kwa mkono wangu mimi, mnofu kwa mnofu, wala sikatai. Huyu mdogo hakulishwa na mtu. Kimeandikwa ni mali yenu. Chukueni."

Bwana Steynfoort alimtazama mtoto, na mtoto akamtazama yeye. "Mama, sisi tunapokea makreti. Watoto hatupokei."

"Sikusema mpokee watoto. Nimesema mchukue chenu."

"Kilichobaki kina maandishi?"

"Ni vumbi."

"Basi hatuwezi kujua ni chetu."

Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayeeleza saa ya basi. Akaaga, kwa kuwa alikuwa na kikao. Célestine alimbeba mwanawe, akamfunga mgongoni, akamwambia Bwana Steynfoort jambo kwa Kifaransa mlango ulipokuwa unajifunga. Hakulitafsiri.

Kupitia kioo cha nyuma cha ofisi uwanja ulionekana. Mfanyakazi mwenye glovu alilibeba kreti namba elfu tatu na sitini na moja mpaka kwenye lori, akaliweka juu ya mengine, na makovu ya kisu yaling'aa juani.

"Linakwenda wapi?" Zubeda aliuliza.

"Bandarini," Refilwe alisema. "Kuna meli Jumamosi."

Lori lilitoka getini. Refilwe aliufuta mstari mmoja kwenye kompyuta yake, akasogeza orodha chini, ikaenda chini sana. Alipokuwa anasogeza, aling'oa uzi wa kijani kwenye kidole gumba akauzungushia kalamu. "Mama, pole," alisema kwa sauti ya chini. "Kweli pole. Lakini hilo lilikuwa moja. Mwaka jana peke yake hayajarudi elfu arobaini."

"Yako njiani," Zubeda alisema. Alikunja khanga mara nne, akaitia mkobani, akamkunja Yasmin mkono wa shati na kukitazama kiwiko. "Asubuhi mnafungua saa ngapi?"

"Saa mbili, mama."